Sungura na kochi: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote ni za sungura wanaofugwa ndani ya nyumba, na karibu zote ni malalamiko. Naelewa uchungu wa kufua foronya za makochi Ijumaa, Jumamosi ukazikuta zimelowa. Lakini wengi wenu mmefika pahala pa kutaka kuwagawa wanyama hawa. Ngojeni kwanza.

*Sungura wangu dume ana miezi mitano. Nimemwekea beseni pembeni mwa ukumbi, lakini mkojo wote anaumaliza kwenye kochi. Mwanzo hakuwa hivi. (Mama, Fuoni)*

Pole sana bibie. Hukukosea malezi, wala mnyama hajaharibika tabia. Amebalehe. Kuanzia miezi minne hivi dume huanza kutia alama kwa mkojo kila anachotaka kiwe chake, na hapo ukumbini hakuna kitu chenye harufu yenu nyote kama kochi.

Kwa wiki mbili mnyime kochi kabisa. Mzungushie wavu wa waya kwenye sehemu ndogo ya ukumbi, humo awe na maji, chakula na beseni lake. Kisha mtazame. Sungura kwa maumbile yake ana pembe ya choo, huichagua mwenyewe na huirudia. Akichagua pembe nyingine, hamisha beseni, usimhamishe yeye. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wa kwangu wa mwanzo nilimwekea beseni karibu na mlango wa uani, kwa kuwa ndipo paliponifaa mimi. Mwezi mzima kila alfajiri nikikuta kidimbwi chini ya kabati la vyombo, upande wa pili kabisa. Siku niliyolisukuma beseni chini ya lile kabati, nikapumzika kupiga deki.

Weka majani makavu upande mmoja wa beseni, tele, kwani sungura hupenda kutafuna huku anakunya. Vidonge vya kinyesi utakavyookota sakafuni vitie humo humo, na ukibadilisha karatasi bakisha kipande kilicholowa, harufu yake ndiyo itakayomwita. Kochi lisugue kwa siki na maji, nusu kwa nusu, lakini jaribu kwanza kwa nyuma usije ukachujua rangi. Harufu ikibaki, atarudi.

Halafu zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumhasi. Awe daktari, si jirani mwenye wembe. Na usitegemee aache siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo bado anaweza kumpa mimba jike, basi watenge.

Neno moja zaidi: hata aliyefunzwa vizuri ataangusha vidonge viwili vitatu njiani. Ni vikavu, ukubwa wa mbaazi, vifagie yaishe. Shughulika na mkojo.

*Fundi seremala wa mtaani ananipa maranda bure. Nitie kwenye beseni? (Msomaji, Chake Chake)*

Mimi singetia. Maranda ya msonobari na mengine yenye harufu kali si mazuri kwa mapafu na ini lake, na kwa fundi mbao zote huchanganyika, zikiwemo zilizotiwa dawa ya mchwa. Chana magazeti, tandika mara tatu nne, juu yake weka majani makavu. Ukoka ulioukausha kivulini unatosha kabisa, ila uwe umekauka kweli; ukiingia ukungu utupe. Na ule mchanga wa choo cha paka unaoganda ukilowa usiuguse, kwani akiula unaweza kumziba matumbo.

*Mume wangu humpiga kwa kandambili kila akikojoa zuliani. Anasema ndiyo atajua. (Jang'ombe)*

Hatajua. Haunganishi kandambili na mkojo, anaunganisha kandambili na baba mwenye nyumba, na sungura mwenye hofu hukojoa ovyo zaidi. Mfupa wake pia ni mwepesi mno, hata akirusha teke kwa nguvu huku amekamatwa vibaya anaweza kuvunjika mgongo. Mwombe mzee aache. Ukimfuma anainua mkia, mpeleke beseni taratibu, akimaliza humo mpe jani la mchicha.

*Mkojo wa sungura wetu umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Tuko ghorofani Michenzani, watoto wanalia. (Baba)*

Wanyamazishe watoto. Rangi hiyo mara nyingi hutoka kwenye majani aliyokula, na baada ya siku moja mbili hurudi njano. Ukiona madoa ya damu ndani ya mkojo wa kawaida, au anajikamua kwa tabu, hapo mpeleke kwa daktari.

*Sungura ni halali kuliwa. Je, akikojoa mswalani nahitaji kuosha? (Wete)*

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi visiwani, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Kwa hiyo ndiyo, uoshe. Ile siki niliyoitaja inakata harufu tu, haitoharishi. Kutoharisha ni kwa maji safi. Anza na siki, malizia na maji mpaka rangi na harufu viondoke. Wa kwangu haingii chumba cha kuswalia, mlango una kibao cha kumzuia.

*Tangu jana asubuhi hajanya hata kidonge kimoja, na chakula hataki. Nyumba safi! Ina maana amejifunza? (Mwanafunzi wa skuli, Mwanakwerekwe)*

Hapana mwanangu, huyo ni mgonjwa, na barua yako nimeijibu kwa simu kabla ya kuandika hapa. Wengine mkiona hivi msisubiri. Sungura asiyekula wala kunya kwa muda wa saa 12 matumbo yake huenda yamesimama, na hawezi kutapika akapata nafuu. Joto la kaskazi, uhaba wa majani makavu au maumivu ya meno vinaweza kuleta hali hii. Mweke kivulini, msogezee maji na majani mabichi, lakini tumbo likiwa gumu kama ngoma usimlazimishe kula. Mtie kwenye kikapu umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama ni usiku.