Kijana wangu ni namba tano kwenye mpira wa kikapu lakini kocha hamtaki chini ya ringi: ahame, ama ameze dawa za kurefuka?

SWALI: Kocha, habari yako. Mimi ni mzazi hapa Kondele, Kisumu. Kijana wangu ana miaka 17, yuko Kidato cha Tatu, na urefu wake ni mita 1.83. Shuleni yeye ndiye namba tano, yaani senta, yule mrefu wa chini ya ringi, na mechi nyingi hafungi chini ya pointi kumi. Lakini tangu ajiunge na klabu ya watu wazima mwaka huu, kazi yake ni kukaa benchi. Akiingizwa ni dakika sita au nane, na hata hapo anapelekwa pembeni. Kocha wake amemwambia wazi kwamba hatamchezesha senta tena. Shemeji yangu anataka ahamie timu moja ya Nakuru ambayo imeahidi kumwanzisha. Halafu juzi nikitandika kitanda chake nikapata kopo la unga na tembe zilizofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Anasema ni za kuongeza urefu. Aliuziwa shilingi 4,500 na jamaa mmoja wa jimu, na amezimeza wiki tatu. Je, ahame? Na hizo dawa zinasaidia kweli?
Mama, Kondele

JIBU: Mama, kabla ya yote, beba hilo kopo na hizo tembe, mchukue kijana, mwende hospitali kesho asubuhi. Sababu nitaieleza nikifika huko chini. Mambo ya kuhama timu yanaweza kungoja msimu uishe, lakini hili lisingoje.

Sasa tuje uwanjani. Swali kama lako naletewa kila mara, na anayeuliza huwa ameshaamua kwamba shida ni kimo. Kijana ni mfupi kwa namba yake, kwa hivyo ama itafutwe timu itakayomkubali hivyo alivyo, ama itafutwe dawa ya kumvuta. Sijapata mzazi aliyeniuliza ni nani aliyempa kijana hiyo namba, na alimpa akiwa na miaka mingapi.

Kijana wako sijamwona, lakini wa aina yake nimewafundisha wengi. Darasa la saba aliwapita wenzake wote kwa kichwa kizima, na sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Mwalimu wa michezo akamsimamisha chini ya ringi, akamwambia ainue mikono juu. Kila alipojaribu kudunda mpira alipigiwa kelele: "Usidunde! Peana!" Apeane kwa nani? Kwa wale wafupi. Basi hao wafupi wakakaa miaka minne wakidunda, wakiinua macho kutazama uwanja, wakipokonywa mpira, wakigombezwa, wakijifunza. Yeye aliyekuwa mrefu akajifunza kungoja mpira uliokwishakosa kikapu. Kisha wale wafupi wakarefuka.

Kurefuka huko hakukuwa muujiza. Wavulana wengi huruka kimo wakiwa na miaka 13 au 14, lakini wapo wanaoanza mapema na wapo wanaochelewa, na aliyetangulia kuanza mara nyingi hutangulia kusimama. Mifupa mirefu ya miguu hukua kwenye tabaka la gegedu, yaani ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, lililo karibu na ncha zake. Gegedu hilo likishageuka kuwa mfupa, kimo kimefika mwisho wake. Kwa wavulana wengi hilo hutokea kati ya miaka 16 na 18. Angalia viatu vyake. Nyayo huacha kukua kabla ya kimo, kwa hivyo kama anavaa namba ileile tangu mwaka juzi na suruali za mwaka jana bado zinafika kifundoni, basi huenda hizo mita 1.83 ndizo atakazozeeka nazo. Daktari akitaka kuhakikisha hupiga eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, akaona kama mifupa imefunga.

Mita 1.83 si balaa hata kidogo. Allen Iverson ameandikwa kwa urefu huohuo, na mwaka 2001 alichaguliwa mchezaji bora wa msimu katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Chris Paul naye ni wa kimo hicho, na mara tano alimaliza msimu akiongoza ligi nzima kwa pasi za kufungisha. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa senta. Walikuwa magadi, watu wa kubeba mpira. Wazazi wengine hunitajia Draymond Green, kwamba timu za NBA zilipochagua vijana wapya mwaka 2012 alichaguliwa wa 35 kwa sababu ya ufupi, na bado akamalizia mechi kubwa kubwa akicheza namba tano. Ni kweli, na mwaka 2017 alipewa tuzo ya mlinzi bora. Ila huyo "mfupi" ni mita 1.98, ana mikono mirefu kuliko kimo chake, na anapiga pasi kama gadi. Kijana wa 1.83 anayetaka kuishi chini ya ringi kwenye ligi ya watu wazima atakutana na mwanamume wa mita mbili mwenye kilo mia, na atakutana naye kila Jumamosi.

Kwa hivyo kocha aliyempeleka pembeni hamchukii. Anajaribu kuokoa miaka iliyopotea. Makocha wengi wangemwacha hapohapo senta, wachukue ribaundi zake za mwaka huu, ile mipira iliyokosa kikapu anayoidaka, na mwaka ujao watafute mrefu mwingine.

Kuhusu dakika, piga hesabu nami. Mechi ni robo nne za dakika kumi kumi, na uwanjani wako watano, kwa hivyo kocha ana dakika 200 za kugawia watu hadi 12. Kijana wa miaka 17, kwenye namba mpya, katikati ya wanaume wenye familia, kupata nane si dharau. Manu Ginóbili alishinda mataji manne na San Antonio Spurs huku miaka yake mingi akianzia benchi, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Kuanza mechi ni heshima ya dakika ya kwanza tu. Mimi ningetaka kujua ni nani yuko uwanjani dakika mbili za mwisho.

Nenda ukamtazame mechi moja, Mama, lakini usiufuate mpira. Mfuate yeye. Mpira ukipotea, anageuka na kukimbia kulinda, au anasimama kwanza amtazame refa? Mpira ukirushwa kikapuni, anamtafuta mtu wake na kumfungia nje kwa mgongo, au anainua tu kichwa angani kama mtazamaji? Akipelekwa kona, nyayo zake ziko wapi? Kona ni pembamba sana: kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa nje pana sentimita 90 tu. Anayetoka chini ya ringi huenda pale akasimama kisigino kikiwa kimekanyaga mstari wa nje, na hapo ameshapoteza mpira kabla hajaupokea. Nimewachorea vijana nyayo mbili kwa chaki kwenye saruji ya kona, wakarudi mahali hapo mara mia kwa jioni moja, hadi miguu ikajua yenyewe. Halafu tazama mkono wa kushoto. Kama hadundi nao hata hatua mbili, hapo ndipo penye jibu la dakika nane.

Watu hawapendi kusikia haya kwa sababu hayaonekani kwenye karatasi ya pointi. Wakenya tunakumbuka Februari 2021 kule Yaoundé, Tylor Ongwae akirusha mpira wa mwisho tukawalaza Angola, mabingwa wa Afrika mara kumi na moja, 74 kwa 73. Baadaye mwaka huohuo tulikuwa Kigali, kwenye AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, yetu ya kwanza tangu 1993. Mimi pia nilipiga kelele. Lakini tofauti ni pointi moja. Ribaundi moja iliyoachwa robo ya pili, skrini moja (kumzibia njia mlinzi ili mwenzako apite) iliyowekwa kivivu, faulo moja ya kijinga, na ule mpira wa mwisho ungekuwa wa kufutia machozi tu. Anayefanya kazi hizo ndogo ana nafasi kwenye timu yoyote, Nakuru au Kisumu, na hakuna anayemuuliza kimo chake.

Kuhusu Nakuru, shemeji yako awaulize watu hao jambo moja tu: kijana atacheza namba gani? Wakisema tano, abaki hapa. Atacheza dakika nyingi, atafunga, jina litasikika hadi mtaa wa Section 58 kule Nakuru, na akifika miaka 20 atakuwa bado hajui kudunda. Wakisema mbili au tatu, namba za pembeni, na waeleze nani atamfundisha na siku gani, hapo pana la kuzungumza, msimu ukiisha na masomo yakipangwa. Kwa sasa aende kwa kocha wake mwenyewe, si wewe wala shemeji, amuulize: "Unataka nifanye nini ndiyo nipate dakika kumi na tano?" Kocha akishindwa kujibu swali hilo, niandikie tena. Hapo hata mimi nitakubali ahame.

Sasa hilo kopo. Nisamehe nikiwa mkali, kwa sababu biashara hii naiona Kisumu, naisikia Kakamega, na wazazi wa Nakuru wananiletea makopo yaleyale yenye picha ya mtu anayevutwa kama mpira wa manati.

Hakuna unga unaofungua gegedu lililofunga. Hakuna tembe, hakuna chai, hakuna kuning'inia kwenye chuma. Na gegedu likiwa bado liko wazi, linachotaka ni chakula na usingizi: maharagwe, omena, mayai, maziwa, ugali, na kijana kulala simu ikiwa chumba kingine. Ukiona dalili kwamba mtoto hakui sawasawa na wenzake tangu utotoni, huyo ni wa daktari wa watoto, na matibabu yake huanza kwa vipimo.

Najua mtasema, "Lakini kuna mtu aliongezeka." Nilimwona mmoja wa wauzaji hao kando ya uwanja, ana futi ya fundi cherehani. Alimpima kijana saa kumi na mbili jioni, baada ya mazoezi ya muda wa saa mbili. Wiki mbili baadaye akaja Jumamosi saa moja asubuhi, akampima tena, akatangaza sentimita moja mbele ya wenzake. Wakanunua watano papo hapo. Kila binadamu huamka akiwa mrefu kidogo, kama sentimita moja hivi, kwa sababu pingili za mgongo zinapumzika usiku na vile visahani vilivyo kati yake hunywa maji. Ukisimama mchana kutwa vinabanwa, unarudi ulivyokuwa. Yule bwana aliwauzia asubuhi yao wenyewe.

Afadhali kama ndani ya kopo mngekuwa na unga wa mahindi tu. Hofu yangu ni zile tembe zisizo na jina. Zinazouzwa kwa vijana wa jimu mara nyingi huwa za makundi mawili. Kundi la kwanza ni homoni za kujenga misuli. Kijana ambaye gegedu lake bado liko wazi akizitumia, zinaliharakisha kufunga. Yaani analipa pesa aongezeke, na anachonunua ni kufungiwa mlango. Kundi la pili ni dawa za jamii ya dexamethasone, ambazo ni dawa halali mikononi mwa daktari lakini huuzwa vichochoroni kama za kunenepesha. Uso unavimba, uzito unapanda, mama anasema mwili umeitikia. Zikitumiwa muda mrefu hupunguza kasi ya kukua na kudhoofisha mifupa, mifupa ileile tunayoirusha kila siku kwenye saruji. Na mchezaji akipimwa na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, akakutwa na homoni za misuli, kusema hakujua alichomeza hakufuti kosa.

Ndiyo maana nikasema hospitali kesho. Nenda hospitali ya Jaramogi, pale tunapopaita Russia, au hospitali yoyote yenye daktari na maabara. Usiishie kwenye kemisti. Waonyeshe kopo, waonyeshe tembe, uwaambie ni wiki tatu na ni ngapi kwa siku. Msisitize kijana aseme ukweli, na wewe usimkaripie mbele ya daktari, maana akiogopa atapunguza hesabu. Kama zinageuka kuwa za kundi lile la pili, mwili huenda umeanza kuacha kutengeneza homoni yake, na kuzikatiza ghafla kunaweza kumlaza, kwa hivyo namna ya kuziacha apange daktari. Kama kabla ya hapo anatapika, analegea au anazimia, usingoje asubuhi. Na umweleze daktari kwamba anacheza kikapu, aseme ni lini anaruhusiwa kurudi mazoezini. Mpaka siku hiyo akae tu uani na mpira, ameketi kwenye stuli, adunde kwa mkono wa kushoto.