Maswali na Majibu ya Bustani: Miwaridi ya Vichaka Isiyotaka Kubembelezwa

Swali: Nimenunua miche miwili ya mwaridi niliyoambiwa "haihitaji matunzo". Mvua zilipoanza, yote ikapukutisha majani. Je, miwaridi ya aina hiyo ipo kweli, au ni maneno ya biashara tu?

Jibu: Ipo, ila jina ndilo linalopotosha. Usumbufu uliopunguzwa ni wa kunyunyizia dawa. Hizi ni aina zilizochaguliwa kwa sababu majani yake hayashikwi kirahisi na magonjwa ya kuvu, na maua huchanua kwa awamu msimu mzima. Jua, maji na udongo, aina hizi zinavihitaji kama kichaka kingine chochote.

Mfano unaojulikana zaidi ni Knock Out, uliozalishwa na William Radler wa Wisconsin, Marekani, na kuingia sokoni mwaka 2000. Huo hudondosha petali zake wenyewe, kwa hiyo hata kukata maua yaliyonyauka si lazima. Kabla yake ulikuwapo Carefree Beauty wa Griffith Buck, wa mwaka 1977, na The Fairy, wenye vishada vya maua madogo ya waridi, ambao umekuwa bustanini tangu 1932. Bonica, kutoka familia ya Meilland ya Ufaransa, nao haujachuja. Ukitaka mgumu kuliko yote, tafuta rugosa: majani yaliyokunjamana, miiba tele, huvumilia upepo wa bahari na mchanga, ila huchukia udongo wenye chokaa nyingi.

Unaponunua, usiulize kama mche "ni rahisi". Uliza jina kamili la aina. Mche usio na jina ni bahati nasibu. Ukiona alama ya ADR, ya majaribio ya miwaridi ya Ujerumani, hiyo ina uzito, kwa sababu aina hupimwa kwa miaka mitatu katika bustani kadhaa bila kupuliziwa dawa. Hata hivyo, kuvu wa madoa meusi ana aina ndogo mbalimbali, na aina inayomshinda mahali pamoja inaweza kuzidiwa kwingine. Kichaka cha jirani kinachokaa na majani yake hadi chini ni ushahidi bora kuliko lebo yoyote.

Swali: Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Nichimbe shimo la ukubwa gani, na nijaze nini?

Jibu: Kabla ya kuchimba shimo la kupandia, chimba la majaribio, kina sentimita 30. Lijaze maji, yaishe, ulijaze tena, kisha simamisha kijiti ndani na upime. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, endelea. Yakiwa bado yamo kesho yake, usipande hapo chini; inua tuta la sentimita 20 hadi 30 upande juu yake. Mizizi ya mwaridi iliyozama hukosa hewa na kuoza, na dalili zake hufanana na za kiu: majani yananyauka, mwenye bustani anaongeza maji, na mambo yanazidi kuharibika.

Shimo lenyewe liwe na upana mara mbili ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi cha donge. Ukichimba zaidi, udongo uliolegea utatitia na mche utazama nao. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajaza shimo la mfinyanzi kwa samadi na mchanga mtupu. Wamejenga chungu kisicho na tundu. Maji yanaingia haraka, yanafika kwenye kuta ngumu, yanatuama. Tumia udongo uleule uliotoa, sehemu tatu kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva. Ukiwa na mboji ya kutosha, itandaze tabaka la sentimita 5 kwenye kitalu chote na uichanganye na udongo wa juu. Hilo lina faida kuliko kuineemesha pembe moja.

Kwaruza kuta za shimo kwa uma wa bustani zisibaki laini kama zimepigwa lipu. Ukitoa mche kwenye kopo na kukuta mizizi imezunguka kama kamba, ipasue kwa kisu wima, mahali matatu au manne. Kama mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, utaona kivimbe chini ya shina. Kwenye baridi ya kugandisha, kifukie sentimita 5 chini ya udongo; kwenye joto, kikae usawa wa ardhi au juu kidogo. Usiobebeshwa upande kwa kina kilekile uliokuwa nao kwenye kopo. Mwagia lita 10 siku hiyohiyo. Kati ya kichaka na kichaka acha sentimita 90 hadi 120. Vitaonekana mbali mno mwaka wa kwanza, vumilia.

Swali: Nina nafasi chini ya mwembe. Itafaa?

Jibu: Hapana. Unahitaji saa 6 za jua la moja kwa moja, na la asubuhi ndilo bora kwa kuwa hukausha umande mapema. Tena mizizi ya mwembe itakunyang'anya maji na mbolea kila siku.

Swali: Majani ya chini yanapata madoa meusi, yanageuka njano na kudondoka. Nimepulizia maji ya magadi, hayasaidii. Nifanye nini?

Jibu: Chuma jani moja ulitazame kwa karibu. Kama doa lina kingo zilizochanika, kama tone la wino lililosambaa kwenye karatasi, na njano imelizunguka, hayo ni madoa meusi hasa. Huanza chini na kupanda juu, kwa sababu mbegu za kuvu hurushwa na matone yanayogonga udongo na majani yaliyoanguka.

Siri ya ugonjwa huu ni saa. Mbegu ya kuvu inahitaji jani libaki limelowa kwa takribani saa 7 mfululizo ndipo ipenye. Ukimwagilia jioni kwa mpira unaorusha maji juu ya kichaka, umeipa usiku mzima. Ukimwagilia asubuhi, chini kwenye shina, umeinyima.

Jani lililokwisha kuwa na doa haliponi, si kwa magadi wala kwa dawa ya dukani. Dawa za kuvu hulinda jani lisilo na doa lisiambukizwe, basi. Kwa hiyo ondoa majani yenye madoa, okota yote yaliyoanguka, yatie kwenye mfuko yaende jalalani. Usiyatupe kwenye lundo la mboji lisilopata joto. Weka matandazo mapya ya sentimita 5 hadi 8 ili matone yasirushe udongo, ukiacha wazi upana wa kiganja kuzunguka shina. Kata tawi moja au mawili yanayosongana katikati ili upepo upite. Kichaka kikipoteza majani yake yote kila msimu licha ya hayo, king'oe upande aina nyingine. Hakuna sababu ya kumhudumia mgonjwa wa kudumu wakati wazima wapo.

Usichanganye na ubwiri unga, ule unaofanana na unga uliopakwa kwenye majani machanga na matumba. Huo hauhitaji jani lililolowa. Hupenda mchana mkavu wa joto na usiku wenye ubaridi na unyevu, hasa kichaka kikiwa kwenye kona isiyo na hewa. Na kama majani yamefifia, yana vidoti vidogo vya rangi ya shaba, kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vilivyoanguka vikitembea, ni utitiri: osha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu kila siku ya tatu, asubuhi, kwa wiki mbili.

Swali: Nimeweka mbolea mara tatu, kichaka kimenenepa majani lakini maua hakuna, na vidukari vimejaa kwenye ncha.

Jibu: Acha mbolea. Naitrojeni nyingi huleta machipukizi laini, na machipukizi laini ndiyo chakula cha vidukari. Vipanguse kwa vidole au maji, vilivyobaki uwaachie wadudu-kobe wavile. Kuanzia sasa: ndoo ndogo ya mboji, kama lita 5, kwa kila kichaka ukuaji unapoanza, na gramu 50 za mbolea yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama 10-10-10, baada ya mkupuo wa kwanza wa maua. Mche mpya usipewe mbolea ya dukani hadi uchanue mara ya kwanza. Samadi mbichi isiguse mizizi, itaiunguza.

Swali: Nimeambiwa mwaridi hukatwa ubaki sentimita 30. Nifanye hivyo kwa vichaka vyangu?

Jibu: Ushauri huo ni wa miwaridi ya maua makubwa ya kukata. Kichaka punguza theluthi moja tu ya urefu, na kuanzia mwaka wa tatu toa shina moja au mawili ya zamani kabisa hadi chini. Utayajua kwa gome la kijivu lililopasuka. Penye majira ya baridi, kata mwishoni mwake, macho (vitumba vya machipukizi kwenye tawi) yanapoanza kuvimba. Pasipo baridi, kata ukuaji unapopungua, kabla ya msimu wa mvua.

Kila mkato uwe kama milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje. Tazama kiini cha shina ulilokata: kikiwa cheupe, umefika penye uhai, kikiwa cha kahawia, shuka tena kidogo. Angalizo moja: vichaka vya kale vinavyochanua mara moja tu kwa mwaka hukatwa baada ya maua, la sivyo utakuwa umeyakata maua ya mwaka ujao.

Swali: Tawi moja limechomoza chini, linakua mbio, majani yake tofauti, halitoi ua. Ni la nini?

Jibu: Kama mche ulibebeshwa, hilo ni chipukizi la shina-mama, yaani la ule mwaridi wa chini uliobebeshwa mche wako. Fukua hadi linapotokea, kisha ling'oe kwa kulivuta kuelekea chini. Ukilikata juu ya udongo litarudi na wenzake. Usihesabu vijani kama wengi wanavyofanya, idadi hudanganya. Angalia linapoanzia: chini ya kivimbe ni geni, juu ya kivimbe ni lako, liache.

Swali: Naweza kuzalisha miche mingine kwa vipandikizi?

Jibu: Ndiyo, na vichaka hivi hutoa mizizi vizuri kuliko miwaridi mingi. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, unene wa penseli, kutoka tawi lililotoka kuchanua. Acha majani mawili ya juu, fukia nusu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Usivute kila siku kuihakikisha. Aina mpya zenye hati miliki haziruhusiwi kuzalishwa bila idhini ya mwenye nazo, hivyo soma lebo kwanza.