Watoa mada wapya, fomu ya maslahi mnaijaza vibaya

Nimemaliza kupitia slaidi za watoa mada wapya, na makosa ni yale yale ya miaka yote. Nawapenda, wadogo zangu, na mnasoma kuliko tulivyosoma sisi. Ila mkifika kwenye fomu ya maslahi, ile ya kutangaza uhusiano wenu wa kifedha na kampuni za dawa na vifaa tiba, mnakuwa kama watoto walioficha sahani iliyovunjika. Nazungumzia mafunzo yenye krediti, yaani alama za elimu endelevu ya madaktari, chini ya viwango vya ACCME, baraza la Marekani linaloidhinisha mafunzo hayo, hivi vilivyoanza kutumika Januari 2022.

1. Unaandika uhusiano wa miezi 24 iliyopita. Mabosi wenu wanaowaambia 12 wamebaki na viwango vya zamani. Na hakuna kiasi kidogo mno: malipo ya mhadhara mmoja nayo yanaandikwa.

2. Kuamua uhusiano upi unahusika na mada si kazi yako. Wewe andika yote, waandaaji watachuja. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi, kwa hiyo mnivumilie.

Nilialikwa kuzungumzia dawa za kisukari. Wakati huo nilikuwa mtafiti mkuu wa jaribio lililogharamiwa na kampuni inayotengeneza mojawapo ya dawa hizo. Fedha ziliingia akaunti ya taasisi, mimi sikushika hata senti, nikajiambia hizo ni za taasisi. Niliwahi pia kukaa kwenye bodi ya ushauri ya kampuni hiyo hiyo, lakini kwa dawa nyingine kabisa, basi nayo nikaiacha. Nikaweka tiki kwenye "sina", nikapanda jukwaani, nikatamka kwa sauti nzito kwamba sina cha kutangaza.

Mhadhara ulikwenda vizuri hadi kipindi cha maswali. Daktari kijana wa safu za nyuma akasimama, simu mkononi. Alikuwa amefungua Open Payments, kanzidata ya serikali ya Marekani ambayo tangu 2014 inamwonyesha yeyote kampuni zimewalipa nini madaktari. Akasoma jina la kampuni, akasoma mwaka, kisha akauliza kwa adabu kabisa kama yule ni mimi au ni mtu tumefanana majina.

Nikaanza kueleza habari za akaunti ya taasisi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Data zangu zilikuwa sahihi, ila baada ya hapo hakuna aliyeuliza lolote kuhusu dawa. Kumbe kanuni iko wazi: fedha za utafiti zinahesabiwa kwa mtafiti mkuu, na kwa kila mtafiti aliyetajwa, hata kama zimelipwa kwa taasisi. Na suluhisho lake lilikuwa rahisi. Ningeandika, mwenzetu asiye na uhusiano na kampuni angepitia slaidi kabla ya siku yenyewe, na mimi ningepanda jukwaani kama kawaida. Mnaogopa kwamba mkiandika mtanyimwa jukwaa. Anayekataliwa, isipokuwa katika hali chache, ni mmiliki au mwajiriwa wa kampuni yenyewe.

3. Hisa za kampuni moja moja andika. Mfuko wa pamoja wa uwekezaji uliotawanya fedha kila mahali, acha.

4. Wasikilizaji waelezwe kabla mada haijaanza: jina lako, kampuni, aina ya uhusiano, na kwamba uhusiano huo umeshashughulikiwa. Huna chochote? Waambiwe huna. Nembo ya kampuni hairuhusiwi kwenye slaidi ya maelezo hayo. Kuna mmoja wenu ameiweka, kubwa kuliko jina lake mwenyewe! Na slaidi hiyo ikae kwenye skrini mpaka watu wamalize kuisoma, msiirushe.

5. Slaidi za mwakilishi wa kampuni msizipokee, hata akisema ni "za kukusaidia tu". Mmoja wenu amenitumia grafu ambayo mstari wa dawa umepakwa rangi ya boksi lake, na mhimili wa wima unaanzia 60, kwa hiyo tofauti ya pointi tatu inaonekana kama mlima. Hajaichora yeye, na nikimuuliza kwa nini 60 hatakuwa na jibu. Chora yako, anzia sifuri, na dawa itaje kwa jina lake la kitabibu, si la kibiashara.

6. Meza za kampuni zisiwe ndani ya ukumbi wa mafunzo dakika 30 kabla wala baada ya kipindi. Hilo ni la waandaaji, lakini mkialikwa kusimama hapo "kupiga picha kidogo", kataeni.

7. Picha za wagonjwa. Kukata kona yenye jina kwenye PowerPoint hakuifuti. Yeyote atakayepata faili anairudisha kwa kubofya mara chache. Nimefanya hivyo na eksirei ya mmoja wenu, nikasoma jina lote na tarehe ya kuzaliwa. Futeni kwanza sehemu zilizokatwa, hifadhini upya, ndipo mnitumie.