Tega sikio kwanza: majibu ya maswali yenu ya ushairi

Mwanafunzi wa kidato cha pili, Ujiji: Mwalimu, nachanganya vina na mizani. Nisaidie.

Mwanangu, nimekutungia mishororo miwili. Isome kwa sauti:

*Taa zawaka ziwani, wavuvi wasoma sala,*
*Nyavu zazama majini, mwanga huo ndio hila.*

Vina ni zile silabi za mwisho zinazofanana: -ni katikati, -la mwishoni. Mizani ni hesabu ya silabi: 8 kwa kila kipande, 16 kwa mshororo mzima. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili utao. Wengi hujikwaa kwenye m. "Mwanga" lina mizani 2, mwa-nga, ila "mchanga" lina 3, m-cha-nga, kwa kuwa m hiyo hutamkwa peke yake. Jicho haliioni tofauti hiyo. Imba huku ukipiga kofi kwa kila silabi, utaisikia.

Mama, Kasulu: Mwanangu aliandika "kidata" badala ya "kidato" kwenye shairi, akakatwa alama. Alikosea?

Kwenye insha angekuwa amekosea, mama. Kwenye shairi hiyo ni tabdila: sauti imebadilishwa ili kina kikae, na mizani hazikuongezeka wala kupungua. Zipo ruhusa nyingine. Inkisari hufupisha neno, "mesema" badala ya "nimesema". Mazida hulirefusha, "enenda" badala ya "enda". Kupindua mpangilio, kama "mwema mtu", ni kufinyanga sarufi. Tazama mishororo mingine ya ubeti ule. Ikiwa yote inaishia na -ta, mtoto alijua alichokifanya, nawe mwonyeshe mwalimu wake kwa heshima. Ikiwa sivyo, alama ilikatwa kwa haki.

Kijana, Kibondo: Kituo na kibwagizo ni kitu kimoja?

Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Ukirudiwa uleule katika beti zote, ndipo huitwa kibwagizo au kiitikio.

Mvuvi, Kibirizi: Sisi husema ziwa limekasirika. Huo nao ni ushairi?

Ndiyo, kaka, hiyo ni tashihisi: mmelipa ziwa hasira ya binadamu. Likitulia mkasema liko kama kioo, hiyo ni tashbiha. Mkisema ziwa ni kioo, ni sitiari. Nawasihi wanafunzi waje wawasikilize ninyi. Mtu aliyekumbana na mawimbi ya Tanganyika usiku hasemi "limekasirika" kwa kupamba maneno.

Msomaji, Kigoma mjini: Shairi lisilo na vina ni shairi kweli?

Swali hili limegombanisha watu wazima. Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji yenu hapo, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwake shairi lisiloimbika halikuwa na maana. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, na wanamapokeo, yaani watetezi wa sheria za jadi, wakakataa katakata kuyaita mashairi.

Mimi nimelelewa na vina, na mpaka leo sikio langu huvitafuta. Hata hivyo nimekutana na mashairi huru ambayo takriri, yaani marudio ya maneno, na mdundo wake vilinikaba koo. Kwa hiyo ninapoletewa la namna hiyo, nalisoma kwa sauti mara mbili, kisha naiunga mistari yake iwe aya moja. Likigeuka taarifa ya habari, namrudishia mwenyewe akalifanyie kazi.