Usikubali akukrekie programu ya mabango, linda huo ufunguo wa USB

Mkuu umeuliza kama umkubalie yule fundi akukrekie programu ya mashine ya mabango, yaani avunje ulinzi wake wa leseni, ili uachane na kile kiufunguo cha USB, dongoli. Nimekaa kwenye kazi za kuprinti muda mrefu, nakujibu bila kuzunguka, usikubali.

Wengi wanadhani ile ni flashi. Mle ndani kuna chipu yenye siri yake, programu inatuma swali, chipu inalipigia hesabu kwa ile siri na kurudisha jibu, siri yenyewe haitoki nje. Ndo maana unaweza kuinstoo programu kwenye kompyuta hata tatu ila itafunguka pale tu ulipochomeka ufunguo. Leseni yako iko mle, haiko kwenye CD wala kwenye risiti.

Sasa kreki nyingi za hizi kitu ni draiva feki (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) inayojifanya ufunguo, na ili ikubali fundi anazima ulinzi wa Windows unaokagua saini za draiva, akimaliza anasepa anakuachia mlango wazi. Ofisi moja niliyopita walikubali, ikaprinti poa tu mpaka Windows ilipojiapdeti usiku, asubuhi programu haifunguki, mabango ya harusi yako foleni, fundi hapokei simu na muuzaji hataki hata kusikia.

Ukiona ufunguo hauwaki taa usikimbilie kusema umekufa. Chomeka kwenye tundu lingine la USB, moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni wa HASP, chapa mojawapo ya funguo hizi, fungua brauza uandike localhost:1947, ukiwa mzima utauona kwenye orodha. Draiva zake tafuta kwa jina la Sentinel kwenye tovuti ya kampuni ya Thales, maana HASP ilikuwa ya kampuni ya Aladdin ikaenda SafeNet, ikaenda Gemalto, na tangu 2019 iko kwa Thales, watu wanahangaika wanashusha draiva za zamani kwenye vitovuti vya ajabu halafu Windows 11 inazikataa.

Na jamani msiuchomeke mbele ya kompyuta! Pale mbele ndo wateja wanachomeka flashi zao siku nzima, goti likigusa mara moja tu umepinda. Weka nyuma, ufunge na kamba ya plastiki ile ya kufungia nyaya, ile namba iliyoandikwa juu yake ipige picha uitunze. Kampuni nyingi ukivunjika wanakubadilishia ukirudisha kipande, ila ukipotea unaambiwa nunua leseni upya, na hili kwa kweli linaniuma kwa sababu mtu ameshalipa hela yake halali. Kwa hiyo muulize muuzaji wako leo masharti yao yakoje, akujibu kwa maandishi.

Kama mashine umeinunua mkononi kwa mtu, hakikisha alikupa ufunguo wenyewe na sio maneno ya "nitakutumia".