Mpini Ulipobaki Mkononi: Kufunga Koki Chini ya Boti

Siku moja Kigamboni nilishika koki iliyo chini ya boti, inayoingiza maji ya bahari ya kupozea injini, ili niifunge, mpini ukabaki mkononi. Shina lilikuwa limekatika, na pale lilipokatikia hapakuwa na manjano tena, palikuwa na rangi ya waridi kama kidonda kinachopona. Nikapakwangua kwa bisibisi, pakamomonyoka.

Koki ile niliinunua mwenyewe duka la vifaa vya bomba za nyumbani, miaka miwili nyuma. Ya brasi, inang'aa, bei poa. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huila zinki kwanza, ikabaki shaba yenye vitundu isiyobeba chochote. Kwa nje unaiona nzima kabisa. Ndugu yangu, chini ya maji tafuta bronzi, au brasi maalumu isiyoliwa zinki, yenye chapa ya DZR au CR. Na iwe ya mpini, si ya gurudumu. Ya gurudumu unaizungusha mpaka inakaza, kumbe imebana kokoto na maji yanaendelea kupita. Ya mpini ikikingama na bomba, imefungwa.

Usione tundu dogo. La inchi moja, nusu mita chini ya maji, laweza kuingiza karibu lita 60 kwa dakika. Hizo ni ndoo tatu kubwa. Jaribu kufua ngama, kuyatoa maji botini, kwa mwendo huo!

Kabla ya kutoboa, funga kila kitu kikavu, bila gundi, na uhesabu mizunguko. Mimi koki yangu mpya ilishika mizunguko miwili na nusu ikakwama. Fitingi, kile kibomba kinachopita kwenye tundu la boti na kushikwa na koki, ilikuwa ya Kimarekani, koki ya hesi zetu za Kiingereza. Kwa inchi moja, yao ina hesi 11 na nusu kwa kila inchi, yetu 11, kwa hiyo huanza kama zinaoana. Ningetumia nguvu ningeharibu zote mbili. Angalia pia kama mpini una nafasi ya kugeuka. Mimi niliwahi kuufunga ukagonga taruma, ubavu wa boti.

Toboa kitundu chembamba kwanza kutoka ndani, halafu toka nje uingie na msumeno wa kutobolea matundu ya duara, faiba isibanduke. Ukikuta mbao laini katikati ya faiba, ichokonoe pembeni ya tundu na ujaze epoksi, la sivyo itanyonya maji na kuoza. Ndani weka kipande cha mvule kilichopakwa epoksi pande zote, nati ikalie hapo. Gundi iwe ya poliurethani. Silikoni waachie mafundi wa bafu.

Hapo ndipo nilipokosea kuliko kwingine kote. Nilipweleza boti asubuhi, nikafunga fitingi maji yakiwa yamekupwa, jioni ikaelea. Gundi ile hukauka milimita chache tu kwa siku. Usiku ikaanza kutoa machozi, nikalala na ndoo. Mzee mmoja fundi wa mashua alinicheka: "Mwanangu, wewe unafanya kazi na maji kujaa na kupwa. Fanya na bamvua." Maana yake, ipandishe boti bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likiwa juu kabisa. Siku zinazofuata maji hayafiki tena pale, unaingia maji mafu yasiyojaa sana, na boti inakaa kavu zaidi ya wiki mpaka bamvua lijalo. Ila soma kwanza jedwali la maji. Bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu hayalingani. Mimi nilipanda na lile kubwa, lililofuata likawa dogo, boti ikapwelewa mwezi mzima na watoto wa mtaa wakaigeuza kibaraza.

Mpira wa maji unaoingia kwenye koki ufunge kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, vichwa vikitazamana pande tofauti. Siku ya kuelea usiondoke. Futa pakavu, zungushia karatasi ya chooni kwenye nati uone kama italowa, kaa saa nzima, kisha urudi tena usiku.

Sasa kila koki yangu ina kigingi cha mti laini cha kuziba tundu ikivunjika, kimefungwa kwa kamba pembeni yake, chembamba mbele, kinene nyuma. Na kila Ijumaa kabla ya kuwasha injini nageuza mipini yote, funga, fungua. Wa choo bado unalia kidogo.