Ramani ya duka kubwa isome kuanzia nyuma

Maombi ya kujenga duka kubwa huja na karatasi nyingi, na ya juu kabisa huwa ni picha ya rangi. Miti imekwisha kukomaa, anga halina wingu, maegesho yana magari machache tu yaliyopangwa vizuri. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopitia maombi ya namna hii kabla hayajafika kwa madiwani, na ushauri wangu kwa diwani mpya, au kwa jirani aliyeitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, ni kwamba picha hiyo aiweke pembeni. Aombe mchoro wa mpangilio wa kiwanja, ule wenye vipimo, kisha ausome kutoka nyuma ya jengo kuja mbele.

Mbele ya duka pana mtetezi tayari. Mwenye duka anataka wateja, kwa hiyo atapasafisha, atapawekea taa na kupanda maua bila kusukumwa. Nyuma hakuna mteja. Kuna malori, mashine za majokofu, makontena ya taka na ukuta mtupu, na mara nyingi ng'ambo ya uzio kuna madirisha ya vyumba vya kulala. Huko ndiko kanuni za mipango miji zinakohitajika zaidi.

Chukua lori moja tu. Linafika alfajiri likiwa na mzigo uliogandishwa na kukuta mlango wa kupakulia haujafunguliwa. Dereva anazima injini, lakini mashine ya ubaridi kwenye trela haizimwi, inaendelea kunguruma. Mlango ukifunguliwa, lori linarudi kinyumenyume na king'ora chake kinalia pi, pi, pi mpaka ligote. Halafu bamba la chuma linaangushwa kati ya trela na sakafu, na matoroli yanaanza kupita juu yake. Ukipima kila sauti peke yake mchana utaambiwa ni ya kawaida. Mkazi anayekuja ofisini kulalamika hazungumzii desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, anazungumzia saa kumi na nusu usiku.

Mji wa Fort Collins, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ulipitisha viwango vyake vya maduka makubwa mwaka 1995, na miji mingine mingi imeviiga. Vinagusa maduka yanayozidi futi za mraba 25,000, yaani takriban mita za mraba 2,300. Kupakua mizigo na kuzoa taka kulizuiwa kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi, isipokuwa mwombaji athibitishe kwamba vizuizi vya sauti vitaishusha kelele hadi desibeli 45 kwenye mpaka wa kiwanja cha jirani. Nalipenda sharti hilo kwa sababu linataja saa, linataja kiwango na linataja mahali pa kupimia. Sharti linalosema tu kwamba duka "lisisumbue majirani" halimsaidii mtu, kwani kila upande utalisoma unavyotaka.

Mkiambiwa kwamba kelele itamalizwa na mstari wa miti, msikubali haraka. Miti huficha, na kutoona lori kunapunguza hasira, lakini mstari mmoja wa miti hauzuii sauti kwa kiasi cha maana. Kinachofanya kazi ni ukuta mzito au tuta la udongo lililo refu kiasi cha kukata mstari ulionyooka kati ya mashine na dirisha la jirani. Fort Collins ilidai vyote viwili pale duka linapopakana na makazi: tuta lisilopungua futi sita, na juu yake miti isiyopukutisha majani. Ulizia pia vilipo vipoza hewa vya paa. Ukuta wa chini unaotosha kumlinda jirani wa nyumba ya kawaida hautamsaidia anayekaa ghorofa ya tatu.

Kabla hujaondoka huko nyuma, dai mchoro wa mizunguko ya magurudumu, ule unaoonyesha nafasi ambayo lori linahitaji likigeuka. Trela kamili katika nchi za Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kufikia urefu wa mita 16.5, na gari la namna hiyo haligeuki kwa huruma. Kama mchoro unaonyesha kwamba lazima litoke hadi barabara ya umma ndipo liweze kujipanga kuingia kinyumenyume, kiwanja ni kidogo au jengo ni kubwa mno. Rudisha mchoro. Ukilipitisha hilo, utakuja kufunga mtaa mzima kila asubuhi, na hakuna alama ya barabarani itakayokuokoa.

Maegesho ndiyo yanayokula ardhi kuliko kitu kingine, na mara nyingi ni kanuni zetu wenyewe zilizoyanenepesha. Kanuni nyingi za Marekani zilizoea kudai nafasi nne au tano za magari kwa kila futi za mraba 1,000 za duka. Nafasi moja, ukiiongezea sehemu yake ya njia ya kupita, inachukua kama futi za mraba 300. Tano zinafika 1,500. Kwa hiyo kanuni yenyewe inaamuru lami ipite duka kwa mara moja na nusu, ikipigiwa hesabu ya siku chache za msongamano katika mwaka mzima. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alizichambua kanuni hizi kwa miaka mingi na kuonyesha jinsi zilivyosimama juu ya takwimu haba. Mwaka 2017 jiji la Buffalo, New York, lilifuta kiwango cha chini cha maegesho katika jiji lote. Mimi ningependa kila halmashauri ifuate njia hiyo, kisha iweke kiwango cha juu, na nafasi za ziada ziwekwe kwenye matofali yenye matundu ya nyasi badala ya lami. Nakiri kwamba si wenzangu wote wanaokubaliana nami.

Lami hiyo ina maji yake. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya hekta moja isiyopenya maji inazaa lita 100,000. Duka lenye hekta mbili za paa na lami linaachilia lita 200,000 kutokana na mvua ambayo wengi wangeiita ya kawaida, na maji hayo hayangoji, hushuka kwa pamoja. Dakika za mwanzo yanabeba mafuta, vumbi la matairi na taka za juu ya lami. Kwenye mchoro, fuata mishale ya mteremko kwa kidole mpaka uone inakoishia. Ikiishia kwenye mtaro wa barabara, uliza mtaro huo uliundwa kubeba kiasi gani na nani yuko chini yake. Ikiishia kwenye bwawa la kupunguzia kasi ya maji ya mvua, uliza nani atalisafisha. Mabwawa niliyoyaona yakishindwa, mengi injinia wake alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Lililokosekana ni jina la mtu mwenye wajibu wa kutoa tope, na baada ya misimu michache bwawa likawa dimbwi la mbu lenye uzio. Siku hizi napendelea mifereji mipana ya udongo yenye nyasi kati ya safu za magari, kwa sababu ikiziba kila mtu anaona, wakati bomba likiziba unaambiwa na mafuriko.

Ufaransa imelitazama eneo hilo hilo kwa jicho la nishati: sheria ya mwaka 2023 ilitaka maegesho ya wazi yanayozidi mita za mraba 1,500 yafunikwe angalau nusu kwa vivuli vyenye paneli za jua, ingawa kuna misamaha. Hata pasipo sheria kama hiyo, omba kivuli. Anayetembea juu ya lami saa nane mchana anakihitaji kuliko gari.

Na sasa huyo anayetembea. Chukua penseli, iweke kwenye kituo cha basi, uipeleke mpaka mlango wa duka bila kuinua mkono. Hesabu inavuka njia za magari mara ngapi na inapita wapi nyuma ya magari yanayotoka kinyumenyume. Kisha ifikirie njia hiyo akiwa anarudi mtu mwenye mifuko miwili mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, usiku, mvua ikinyesha. Nimewahi kusimama kwenye maegesho ya duka lililokuwa na njia nzuri ya miguu upande wa kulia, yenye maua na mabenchi, nikatazama watu wakikatiza katikati ya magari kushoto, kwa sababu kituo cha basi kilikuwa kushoto. Mwenye mchoro alikuwa ametimiza kila sharti. Tulidai njia, hatukudai ianzie wapi.

Njia hiyo iwe imeinuliwa au itofautishwe na lami kwa matofali, isiwe rangi nyeupe pekee, kwani rangi hufutika. Dawa nyingine ni kulisogeza jengo lenyewe karibu na barabara. Fort Collins ilikataza zaidi ya nusu ya maegesho kukaa kati ya uso wa duka na barabara kuu, na mpangilio ukibadilika hivyo matatizo mengi hupungua yenyewe.

Kuhusu sura ya mbele sitasema mengi. Kuna kanuni za kuvunja ukuta mrefu, kutaka sehemu zitokeze na nyingine ziingie ndani, kubadili rangi na kuficha paa. Si mbaya. Tatizo ni kwamba kikao kinaweza kumaliza saa mbili kikibishana juu ya rangi ya tofali, halafu mpangilio wa malori ukapitishwa kwa dakika tano watu wakiwa wamechoka. Lipange suala la rangi liwe la mwisho kwenye ajenda.

Yote hayo yanachukulia kwamba duka liko mahali panapolifaa, na hilo ni suala la kanda za matumizi ya ardhi, ambalo huamuliwa kabla ya mchoro wowote. Nchini Uingereza mwombaji anayetaka kujenga nje ya kitovu cha mji hutakiwa kwanza aonyeshe kwamba hakuna kiwanja kinachofaa ndani ya kitovu au pembezoni mwake, na duka likizidi mita za mraba 2,500, pale ambapo mamlaka ya eneo haijaweka kiwango chake, atathmini pia athari kwa biashara za kitovu hicho. Ufaransa ilianza kudai idhini maalumu kwa maduka makubwa mwaka 1973. Ujerumani, kwa uamuzi wa Mahakama Kuu ya Utawala mwaka 2005, duka linahesabiwa kubwa likizidi mita za mraba 800 za eneo la kuuzia.

Ukiweka kikomo cha ukubwa wa duka, tarajia kuletewa duka linalokaribia kukigusa. Hilo ni halali. Kisicho halali kwangu ni kukivuka kwa kugawa: majengo mawili ya kampuni moja yaliyotenganishwa na kichochoro, kila moja likiwa chini ya kikomo kwa nywele moja. Jambo la namna hiyo lilijadiliwa hadharani Dunkirk, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mwaka 2005, kikomo kilipokuwa futi za mraba 75,000. Kwa hiyo kanuni ieleze namna ya kupima: majengo yanayotumia maegesho au mlango mmoja wa barabara yahesabiwe pamoja, awamu za baadaye zijumlishwe, na eneo la kuuzia lililo nje ya paa, kama la miche na vifaa vya bustani, nalo liingie.

Kuna siku ambayo mwombaji hataitaja, nayo ni siku ya kufunga. Maduka haya huhama, wakati mwingine kwenda kwenye jengo kubwa zaidi barabara hiyo hiyo, na mmiliki anaweza kuweka kwenye hati ya ardhi zuio linalomkataza mshindani kulitumia jengo la zamani. Basi jengo linakaa tupu kwa makusudi. Dai, kabla ya kibali, ahadi iliyosajiliwa kwamba zuio kama hilo halitawekwa. Dai pia nguzo, mabomba na milango vipangwe ili jengo liweze kugawanywa kwa wapangaji watatu au wanne. Inawezekana sana kulipa jengo kazi mpya: mjini McAllen, Texas, duka la zamani la Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, liligeuzwa maktaba ya umma iliyofunguliwa mwaka 2011. Lakini McAllen walikuwa na mji uliokuwa tayari kulitumia. Pasipo mtu wa kulichukua, utabaki na paa linalovuja na hekta za lami, kwa hiyo fikiria dhamana ya fedha ya kubomolea.

Makubaliano yote haya yaingizwe kwenye masharti ya kibali, si kwenye kumbukumbu za kikao. Kila sharti litaje kipimo, tarehe na mkaguzi, na yale mazito, ukuta wa sauti na bwawa kwanza, yakamilike kabla ya cheti cha kuruhusu jengo kutumika. Baada ya cheti hicho simu zako hazitapokelewa haraka kama zamani. Kwa miti, andika kwamba inayokauka ndani ya miaka mitatu ipandwe upya kwa gharama ya mwenye duka, kisha mwaka wa pili nenda ukaikague ukiwa na mchoro uliopitishwa mkononi, ukianzia nyuma.